Mafuta Gani?

Kila nikisoma kwamba "mafuta huongeza uzazi wa kondoo" huuliza: mafuta gani, na yalifika wapi? Miswada ya toleo hili la jarida letu imenirudisha kwenye swali hilo mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Chukua mashudu ya alizeti. Nenda kwenye mashine ndogo pale Singida, chota kiganja cha mashudu yaliyotoka kukamuliwa, yaache juu ya karatasi. Karatasi italowa mafuta hadi mwanga upite. Ya kiwanda kinachonyonya mafuta kwa kiyeyusho huiacha karibu kavu. Waandishi wetu huyaita yote "mashudu ya alizeti", kisha hao, wameshafika kwenye jedwali.

Hata hayo yenye mafuta, asidi yake ya linoleiki, ya ukoo wa omega-6, haifiki nyingi kwenye mji wa mimba. Vijidudu vya rumeni huigeuza sehemu kubwa kuwa mafuta magumu. Ndiyo maana wengine hulisha mafuta yaliyofungwa na kalisi, yapite salama.

Hoja yenyewe, kwamba mafuta hulinda mimba, ni tamu, sikatai. Mzunguko wa kondoo ni siku 17 hivi. Karibu na siku ya 12 au 13 kiinitete hurefuka na kutoa interferoni tau, mji wa mimba usimwage prostaglandini ya kuliua gimba la njano la ovari. Prostaglandini hiyo hutokana na asidi ya arakidoniki, ya ukoo uleule wa omega-6. Kwa hiyo omega-3 ya samaki au ya kitani huenda ikampunguzia kiinitete adui. Lakini huwezi kulipima hilo kwa kumlinganisha jike aliyepewa mafuta na mwenzake aliyepungukiwa nishati. Jike aliyekonda akiongeza mwili kidogo kabla ya kupandishwa hutoa mayai zaidi, hata kama kilichomnenepesha ni mahindi. Mfugaji anayepapasa mgongo wa kondoo wake analijua hilo bila sisi.

Kwingineko katika toleo hili, makala ya gosipoli katika mashudu ya pamba ni fupi na safi. Mapitio ya utando wa yai na baridi yawafae wanaogandisha viinitete.

Kuanzia toleo lijalo, mswada usioonyesha nishati sawa kwa makundi yote na aina za asidi za mafuta utarudi kwa mwenyewe. Mwandishi mmoja amelalamika kwamba vipimo vya maabara ni ghali. Ni ghali kweli. Basi aandike walau mashudu yalikamuliwaje. Mwenye mashine atamwambia bure.