Jamaa na Maisha: Mshahara Ukikoma

Karibu katika kila njia ya makambi yetu ya zamani ya migodi, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, yuko baba wa namna hii. Asubuhi atoka ndani, akaa kitini mbele ya mlango, na jua likizunguka naye ahamisha kiti chake. Hanywi sana, wala hagombani na mtu. Ukimwuliza habari, ajibu kwamba hakuna habari. Usiku hapati usingizi. Mke wake asema ya kuwa kichwa chamwuma. Jirani asema ni uvivu. Na mtu wa tatu, kwa sauti ndogo, asema amelogwa. Leo twataka kuyapima maneno hayo matatu, kwa maana twaona kwamba mara nyingi yote yapita kando ya ukweli.

Tukumbuke kwanza kazi yenyewe ilikuwa nini katika nchi yetu. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na tangu miaka ya 1920 ilichagua kuwaweka wafanyakazi wake pamoja na wake zao na watoto wao. Basi mtu aliyeandikwa kazini hakupata mshahara tu. Alipata nyumba, posho ya chakula, hospitali ya kuzalia mkewe, shule ya watoto wake, na sirena iliyomwambia saa ya kuamka na saa ya kurudi. Serikali ilipoitwaa kampuni mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, desturi hiyo haikukoma. Watu walisema kampuni ni baba, kampuni ni mama. Ndiyo sababu mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Bwana Donatien Dibwe dia Mwembu, alipotoa kitabu mwaka 2001 juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, aliwaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Namna walivyoachwa, wakubwa waijua. Katika miaka ya 1980 migodi ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji katika miji. Na karne mpya ilipoanza, hata sehemu ya kumi ya shaba ile haikubaki. Mishahara ikakawia mwezi, kisha miezi, kisha watu wakaacha kuihesabu. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango uliolipiwa na Banki ya Dunia, kila mmoja akipokea fedha mara moja tu. Migodi mingine imefunguliwa tangu hapo na makampuni mapya, lakini haikuwarudisha wazee wale.

Njaa iliyofuata haihitaji maelezo yetu. Aliyelala bila kula aijua kuliko mwandishi. Lakini kuna jambo jingine ambalo halionekani ndani ya chungu, na kwa hilo twataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka Austria.

Karibu na mji wa Vienna kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal, ambacho watu wake wote waliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilifungwa miaka ya 1929 na 1930. Kisha wakaja wataalamu, kati yao mwanamke kijana, Marie Jahoda, nao wakakaa na wanakijiji, wakaandika waliyoyaona, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Walifikiri watakuta watu wenye hasira. Wakakuta watu waliochoka. Wakati sasa ulikuwa mwingi kupita mwanzo, lakini watu walikopa vitabu maktabani karibu nusu tu ya vile vya zamani, ingawa malipo ya kukopa yaliondolewa. Wanaume wengi hawakuvaa tena saa. Mtaalamu mmoja alijificha dirishani akawapima watu njiani: wanawake walitembea upesi, kwa kuwa maji, moto na watoto viliwangoja, wanaume karibu theluthi mbili walisimama njiani mara mbili au zaidi, kwa kuwa hawakungojwa na kitu. Walipoombwa waandike saa kwa saa walichofanya tangu kuamka, hawakuweza kuijaza asubuhi yao.

Mtu ataweza kutuuliza: Je, si wavivu ndio wanaokosa kazi? Labda ugonjwa ndio uliotangulia, na kukosa kazi kukafuata. Swali ni zuri, na kwa mtu mmoja mmoja pengine ndivyo ilivyo. Lakini huko Marienthal kiwanda hakikuchagua. Kilifunga mlango wake kwa hodari na kwa mlegevu siku zile zile, na walegevu na hodari wote wakaanza kutembea polepole. Na kwetu je? Mshahara ulipokoma, ulikoma kwa fundi wa tanuru kuu kama kwa mfagiaji. Fundi aliyeamka saa kumi ya usiku kwa miaka ishirini hawezi kuzaliwa mvivu kwa mwezi mmoja. Twawaomba majirani waliache neno hilo.

Jahoda aliendelea kuchungua jambo hili miaka mingi, na mawazo yake yatusaidia. Kazi, alisema, humpa mtu mshahara ambao wote wauona, na tena humpa vitu ambavyo havionekani mpaka vimekwisha: siku yenye mwanzo na mwisho, wenzi walio nje ya nyumba yake, shughuli inayopita nguvu zake peke yake, jina mbele ya watu, na sababu ya kuinuka. Baba yule wa kitini amepotewa na hivyo vyote kwa pamoja. Mtu akipotewa na mkono, kila mmoja amhurumia, kwa sababu mkono huonekana.

Hatusemi kwamba kila asiye na kazi huugua. Huko Marienthal nyumba nyingi zilivumilia bila tumaini kubwa, chache zilishikilia sawasawa, na chache zilivunjika kabisa. Na wataalamu waliona kwamba pale fedha zilipozidi kupunguka, ndipo mioyo nayo ilipozidi kuanguka. Kwa hiyo msituletee maneno ya kwamba umaskini hukomaza tabia. Kwa wachache labda. Kwa wengi hula tu.

Kwetu kuna uchungu mwingine zaidi. Mshahara ulipokoma, mama ndiye aliyebeba nyumba: akauza unga, makala, samaki, mandazi, akaenda sokoni gizani na kurudi gizani. Mume aliyezoea kuweka fedha mezani sasa aomba fedha ya chumvi. Wako waliokubali, wakamsaidia mke kupanga deni na faida, na nyumba zao zimesimama. Wako walioona haya, na haya ikageuka ukali. Mama naye asisahauliwe katika habari hii, kwa maana yeye haanguki kwa kukosa kazi bali kwa kuzidiwa nayo. Huumwa mgongo, moyo hupiga mbio, alia pasipo sababu, na hakuna amwitaye mgonjwa kwa sababu angali anatembea.

Na mahali pengine nyumba iliyoshindwa hutafuta mkosaji. Tangu miaka ya 1990, katika Kinshasa, Lubumbashi, Mbuji-Mayi na miji mingine, watoto wengi wameitwa wachawi na kufukuzwa: yatima, mtoto wa mke wa kwanza, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto mwenye kifafa. Mtoto huyo hakukomesha mshahara. Sheria ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kabisa kumshitaki mtoto kwa uchawi. Anayemjua mtoto wa namna hiyo asiogope kusema.

Daktari Joseph Guislain wa mji wa Gent, Ubelgiji, aliyekufa mwaka 1860, alifundisha kwamba wazimu mara nyingi huanza na uchungu wa moyo. Lubumbashi kuna hospitali ya wagonjwa wa akili yenye jina lake, chini ya watawa Frères de la Charité. Na Bukavu watawa hao hao wana SOSAME. Wengi hudhani kwamba mahali hapo ni pa wale wanaotembea uchi tu. Sivyo. Mtu asiyelala, asiyetaka kula, asiyefurahia tena hata mjukuu wake, na hali hiyo ikadumu majuma mawili au zaidi, aweza kwenda kabla hajaharibika. Yuko atakayepewa dawa. Yuko atakayehitaji mtu wa kumsikiliza tu.

Asipelekwe na umati wa jamaa kama mwizi. Aende na mtu mmoja anayemheshimu, rafiki wa kazi ya zamani akiwapo, na afadhali asubuhi. Njiani rafiki huyo asihubiri. Na kama mzee amepata kusema kwamba amechoka kuishi, rafiki amwulize wazi kama anafikiri kujiua. Wengi huogopa swali hilo, wakidhani litamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za panya na kamba ziondolewe nyumbani, na siku ile ile waende kwa daktari.