MOTOKAA NA NYUMBA: Difu ya Gari Hujulikanaje?

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kulipopambazuka pikapu moja ilikuwa imenasa topeni karibu na mwalo wa Port Bell, pale barabara itokayo Kampala inapokoma mbele ya ziwa la Viktoria. Wenyewe walikuwa mume na mke. Mume alikuwa koplo wa polisi. Mke alikuwa mchuuzi wa samaki. Gurudumu la nyuma la kushoto lilizunguka kwa kasi na kurusha tope hadi juu ya matenga, na huku la kulia, lililokuwa limekanyaga changarawe ngumu, halikutikisika.

Majuma mawili yaliyotangulia, muuzaji alikuwa amewahakikishia kwamba gari hilo lina difu ya LSD, lisilojua kunasa. Kwa ajili ya herufi hizo tatu waliongeza fedha zilizokuwa zimetengwa kwa karo ya watoto.

"Baba watoto," mke aliuliza, "ile difu tuliyoilipia iko wapi?"

Difu ni lile boksi la chuma lililovimba katikati ya ekseli ya nyuma. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa pamoja kabisa, tairi zingeburuzwa na ekseli zingeumia. Ndiyo sababu Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni katika miaka ya 1820 mpango wa meno ya gia unaoliacha kila gurudumu lizunguke kwa kasi yake, ingawa motokaa za petroli zilikuwa bado hazijazaliwa. Ila mpango huo una udhaifu wake. Difu ya kawaida huyapa magurudumu yote mawili nguvu sawa, na nguvu hiyo haiwezi kuzidi ile inayopokelewa na gurudumu dhaifu. Moja likikosa pa kushika, la pili nalo hukosa nguvu, hata kama limesimama juu ya mwamba.

Difu ya LSD ina kitu cha ziada ndani, mara nyingi sahani zinazobanana kama za klachi. Sahani hizo hupunguza tofauti ya mwendo kati ya magurudumu mawili, hata lile lenye pa kushika likapata sehemu ya nguvu.

Fundi mmoja mzee, ambaye karakana yake ilikuwa kando ya njia ya Luzira, aliombwa kulikagua gari baada ya vijana wa mwaloni kulisukuma likatoka. Kwanza aliyazuia magurudumu ya mbele kwa magogo, mbele na nyuma yake. Kisha aliinua ekseli ya nyuma kwa jeki hadi magurudumu yote mawili yakaning'inia, akaegemeza ekseli juu ya stendi imara za chuma. Injini ilikuwa imezimwa, gia imetolewa, na breki ya mkono imeachiwa.

"Afande, shika upande wa kulia uzungushe polepole. Mama, wewe tazama wa kushoto."

Koplo alizungusha kuelekea mbele. Gurudumu la kushoto likarudi nyuma. Hiyo ndiyo dalili ya difu ya kawaida. Kama sahani za LSD zingekuwa zikibana, magurudumu yote mawili yangezunguka upande mmoja. Mke akasema kwa uchungu kwamba wameibiwa.

Fundi hakukubali haraka. Kipimo hicho ni kizuri lakini si hakimu wa mwisho, kwa kuwa ziko LSD za gia tupu, zisizo na sahani, ambazo huweza kuzunguka kinyume zikiwa hewani, na LSD ya sahani zilizolika hufanya vivyo hivyo. Alichukua brashi na mafuta ya taa akasugua boksi la difu. Chini ya tope kavu kilitokea kibandiko kilichofifia, kikiagiza kutumia oili ya LSD peke yake. Alipofungua kizibo, oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, yenye kumetameta vumbi la chuma. Muuzaji hakuwa amesema uongo. Difu ilikuwa ya LSD, lakini sahani zake zilikuwa zimekwisha. Anayenunua gari afanye yote mawili: azungushe magurudumu, tena atafute kibandiko na kulinganisha namba ya ekseli, iliyo kwenye bamba la gari, na kitabu cha mtengenezaji.

Liko jambo moja ambalo fundi alilisema kwa ukali. Gari lenye LSD lisiwashwe na kuingizwa gia likiwa limeinuliwa gurudumu moja tu. Lile lililobaki chini litapokea nguvu na kulirusha gari kutoka juu ya jeki, na katika nyua nyingi watoto huchuchumaa papo hapo kutazama.

Wenye difu ya kawaida nao wasijione salama. Katika Land Rover za zamani, ambazo askari wengi wa Afrika Mashariki wameziendesha, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti itokayo kwenye gia boksi. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliacha lizunguke kinyume, na gari lililofungwa breki huteremka mlima taratibu likimwacha dereva na spana mkononi. Magogo yawekwe kabla ya jeki.

Kwa pikapu ile, ambayo breki yake ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, fundi alimwonyesha koplo namna ya kuivuta kidogo huku akikanyaga mafuta polepole: gurudumu linalozunguka bure huzuiliwa, na lile la pili hupata nguvu. Gari likishatoka, breki iachiliwe mara moja.

Oili mpya ilitiwa siku hiyo. Sahani hazikununuliwa, muhula ulikuwa unafunguliwa Jumatatu.