Mkono unatetemeka: uchawi, gongo au zebaki?

Wadau, tukisikia mtu kaumia ubongo, haraka tunafikiria ajali ya bodaboda au jiwe la shimoni. Lakini kanda yetu ya dhahabu, toka Kahama mkoani Shinyanga mpaka Rwamagasa na Nyarugusu kule Geita, kuna jeraha la ubongo lisilotoa hata tone la damu. Linaingia kwa pumzi.

Mchimbaji mdogo anasaga mawe kwenye karasha, anaosha mchanga, halafu anauchanganya na zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki inashika dhahabu, donge linawekwa motoni. Dhahabu inabaki, zebaki inaruka kama mvuke usioonekana wala kunukia. Ukiuvuta unapita mapafuni, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo. Na wengine wanachomea nyumbani, mama anapika pembeni na watoto wanacheza! Mtoto, na hasa aliye tumboni, ubongo wake ndio kwanza unajengwa, kwa hiyo ndiye anayeumia zaidi.

Dalili zinakuja taratibu: mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, hasira za ovyo, kuyumba. Mtu huyo mtaani tunamwitaje? Mlevi wa gongo. Au tunasema karogwa. Na huku kwetu uchawi ukishatajwa, tunajua ni vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa kusingiziwa. Sisemi mauaji hayo yametokana na zebaki. Nasema ugonjwa usioeleweka hutafutiwa mchawi.

Hizi si stori za vijiweni. Miaka ya 2000 watafiti wa mradi wa UNIDO walipima watu Rwamagasa, wakakuta baadhi ya wachomaji dhahabu wana sumu hiyo mwilini. Mwaka 2013 dunia ikapitisha Mkataba wa Minamata, jina la mji wa Japani ambako watu waliathirika vibaya kwa kula samaki wenye zebaki. Tanzania iliuridhia 2020. Mkataba unataka nchi zichukue hatua kukomesha uchomaji kwenye makazi ya watu.

Karatasi tunayo, sasa ifike mialoni. Kifaa cha kunasa mvuke kipatikane pale pale zebaki inapouzwa. Na zahanatini, anayekuja anatetemeka asiulizwe pombe tu. Aulizwe pia: unachoma dhahabu? Unachomea wapi?

Dalili ya mvua ni mawingu, jamani. Mnasemaje?