Filamu nyumbani ao ukumbini: Kivu inapoteza nini?

Muulize kijana wa Goma ao wa Bukavu filamu ya mwisho aliyotazama, atakutajia jina mara moja. Muulize aliitazama wapi: kwenye simu, kwenye kompyuta ya rafiki, ao kwenye televizyo ya nyumbani siku ile umeme ulikuwepo. Ukumbi wa sinema, ule wa kulipa tikiti na kukaa gizani pamoja na watu usiowajua, vijana wengi wa Kivu hawajauingia hata mara moja.

Mara nyingi lawama hupewa simu. Huko Ulaya na Marekani, ni kweli kwamba korona ya mwaka wa 2020 ilifunga kumbi na kuzoesha watu kutazama nyumbani. Lakini Congo haikungoja korona wala simu. Tangu miaka ya 1980 na 1990, majengo ya sinema katika miji yetu mikubwa yaligeuzwa makanisa ya uamsho, depo za bidhaa ao kumbi za karamu. Simu ilipofika ilikuta nafasi tupu.

Sababu tatu: usalama, umeme, feza

Sinema ni jambo la jioni, na jioni yetu ni fupi. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kisha Goma ikaingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Mzazi anayesikia risasi usiku hawezi kumruhusu binti yake kutoka saa mbili ya usiku kwa ajili ya filamu.

Umeme ni shida ya pili. Bukavu inategemea mitambo ya mto Ruzizi, na Ruzizi ya kwanza inafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kila mkaaji wa Kadutu anajua maana ya kukatiwa umeme. Mwenye ukumbi lazima anunue jenereta na mafuta, na gharama hiyo inaingia ndani ya bei ya tikiti. Simu, yenyewe, inachajiwa mchana na kutumika usiku.

Tatu, feza. Kando ya barabara kuna vijana wenye kompyuta wanaojaza filamu kwenye flashi kwa bei ndogo, na flashi moja inazunguka avenue nzima. Baba wa watoto sita hawezi kulipa tikiti nane, sana sana baada ya benki kufungwa mwaka wa 2025. Kwa hiyo anayetazama nyumbani amefanya hesabu nzuri. Hana kosa.

Banda la video lilifanya kazi gani

Katikati ya ukumbi na nyumba kulikuwa na banda la video: mbao, viti virefu, pazia jeusi dirishani na televizyo moja. Huko watu walitazama filamu za karate, filamu za Tanzania wakati wa marehemu Steven Kanumba, na filamu za kigeni zilizotiwa sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanakwepa masomo na kuona picha zisizowafaa, na walikuwa na haki. Lakini mtu asiyejua Kifaransa aliielewa filamu, akacheka na jirani yake, akabishana naye njiani. Leo mabanda mengi yanaishi kwa mpira wa Ulaya.

Filamu zetu, watazamaji wa mbali

Kwa filamu ya karate ya kupitisha jioni, kutazama peke yako si hasara kubwa. Hasara iko kwenye filamu zinazotuhusu sisi.

Mwaka wa 2014 ilitoka filamu "Virunga", kuhusu walinzi wa mbuga, sokwe na utafutaji wa petroli katika Kivu ya Kaskazini. Netflix iliionyesha duniani, na ikafika kwenye mashindano ya Oscar. Mkulima wa Rutshuru, jirani ya mbuga hiyo, angehitaji kadi ya benki na intaneti ya nguvu ili kuiona. Mwaka wa 2020, tamasha la Cannes lilichagua "En route pour le milliard" ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani. Inafuata majeruhi wa vita vya siku 6 vya Juni 2000, wanaoshuka kwa mashua hadi Kinshasa kudai fidia. Je, ni familia ngapi za Kisangani zilizoketi pamoja kuitazama?

Kutazama pamoja kuna uzito, na serikali inalijua hilo. Mwaka wa 2015, Kinshasa ilikataza filamu "L'homme qui répare les femmes", kuhusu Daktari Denis Mukwege na hospitali ya Panzi, ikidai kwamba maneno ya wahojiwa yalitafsiriwa vibaya. Kelele zilipanda, na katazo likaondolewa mwezi uliofuata. Mtu mmoja anayetazama chumbani hamsumbui mkubwa yeyote. Watu mia mbili wakitazama ukumbi mmoja, taa zikiwaka wanaanza kuulizana: huyu ni nani, yule amehukumiwa, sisi tunafanya nini?

Bila kungoja jengo jipya

Kudai ukumbi wa kifahari wakati huu, na wakimbizi wakikosa hema, ni ndoto. Lakini vitu tulivyonavyo vinatosha kuanza. Huko Goma, kituo Yolé!Africa kimefundisha vijana kutengeneza filamu na kuandaa tamasha kwa miaka mingi, katikati ya vita na volkano. Parokia zina kumbi. Vyuo vikuu vina kumbi na projekta. Onyesho la saa nane ya mchana linamrudisha kila mtu nyumbani kabla ya giza, na jenereta ndogo ya saa mbili haimalizi mfuko.

Pili, kila anayekuja kupiga picha ya mateso yetu aulizwe mapema, na viongozi wa mtaa na watu anaowahoji: filamu itarudi hapa lini, na kwa lugha gani? Maandishi ya Kifaransa chini ya picha hayamsaidii mama muuza makala wa Birere. Sauti ya Kiswahili na feza za maonyesho matatu ao mane mahali filamu ilipochukuliwa ziwekwe katika bajeti tangu siku ya kwanza, kama vile tikiti za ndege zinavyowekwa.

Filamu ya kupumzika itazamwe nyumbani, kwa amani. Ile inayosema habari za wafu wetu, kwanza tuione sisi, na tuione tukiwa wengi.