Adabu Katika Behewa la Chakula

Familia ipandayo treni Manyoni kwenda Kigoma hukuta behewa la chakula lenye meza chache na abiria wengi. Mzazi, tangulia peke yako: tazama nafasi, uliza nyama imechinjwa na nani, ndipo uwaite watoto. Kuuliza si kumtukana mpishi. Aibu ni kuwalisha wanao jambo la shaka kwa kuwaonea watu haya. Ukikosa jibu la kuridhisha, wali na maharage vyatosha. Mkiketi, semeni Bismillahi, mle kwa mkono wa kulia, kila mmoja kilicho mbele yake, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha kijana Umar bin Abi Salama. Mkishiba, mshukuruni Allah, kisha inukeni: mlangoni yupo msafiri mwenzenu mwenye njaa.