WALIZAMA 1,297, SISI TUKASOMESHWA HITLER

Ndugu msomaji, waulize wenzako hapo kijiweni: Khedive Ismail ni nini? Watakukodolea macho.

Ilikuwa meli ya abiria ya Misri. Mwaka 1940 Waingereza waliitwaa kwa ajili ya vita, wakaigeuza ya kubebea askari. Februari 1944 ilitoka Mombasa kwenda Colombo na watu 1,511, wengi wao vijana wetu wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga topido mbili. Ikazama kwa dakika mbili hivi. Manowari za Waingereza zikaiwinda nyambizi kwa mabomu pale pale walionusurika walipokuwa wakielea! Waliokufa ni 1,297.

Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nilikaririshwa Hitler na Churchill. Hao wetu sikutajiwa hata kwa mstari mmoja. Mkoloni kunyamaza si ajabu. Sisi tuliojitawala tangu miaka ya 1960 tuna udhuru gani? Meli waliitwaa wao, damu nyingi ilikuwa yetu. Tarehe 12 Februari ifundishwe shuleni, na majina yasomwe hadharani!