Barua ya Wazi kwa Bodi ya Mikopo: Likizo Fupi na Ghala Tupu la Masanze

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

YAH: TAREHE ZA MALIPO YA FEDHA ZA KUJIKIMU NA LIKIZO FUPI KATI YA MIHULA

Likizo fupi, yaani mapumziko ya wiki chache yanayotenganisha muhula wa kwanza na wa pili katika vyuo vikuu vingi nchini, haitajwi sana katika mijadala ya ugharamiaji wa elimu ya juu, kwa kuwa mijadala hiyo huishia kwenye ada, idadi ya wanufaika na urejeshaji wa mikopo. Hata hivyo, kwa kaya ya mkulima wa Masanze, kata ya Wilaya ya Kilosa iliyo upande wa kuelekea Mikumi, wiki hizo ndizo ngumu kuliko zote katika mwaka wa masomo, na ugumu wake huonekana pale kalenda ya chuo inapowekwa kando ya kalenda ya shamba.

Mkulima wa ukanda huo huvuna ufuta mwezi wa tano na wa sita, mahindi ya masika hufuata, na mbaazi huingia sokoni baadaye, karibu na mwisho wa kiangazi. Kwa hiyo vyuo vinapofunguliwa Oktoba au Novemba, fedha bado ipo mkononi: mzazi hununua godoro, ndoo na madaftari, hulipa kile ambacho mkopo haukukifikia, na mwanafunzi huondoka nyumbani akiwa na heshima yake. Muhula wa kwanza unapomalizika, Februari au Machi, hali imekwisha kugeuka, kwa maana fedha ya mbaazi imekwenda kwenye mbegu, kwenye trekta na kwenye vibarua, na mahindi yaliyobaki ghalani yanapimwa kwa kopo badala ya debe. Katika wiki hizo hizo ndipo mwanafunzi anaporudi.

Anarudi na nini? Bodi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, humpatia mnufaika fedha za kujikimu, yaani za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wenyewe huziita boom, na ambazo kiwango chake cha juu kilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Nyongeza hiyo ilikuwa ya haki na inastahili shukrani. Lakini fedha hizo hutolewa kwa mafungu, na fungu la mwisho la muhula hutafunwa na wiki za mitihani, wakati ambapo mwanafunzi anakesha, ananakilisha maandishi na kula nje kwa kukosa muda wa kupika, hata siku ya kufunga chuo ikamkuta boom limekwisha na nauli haipo.

Wapo wanaoamua kutosafiri kabisa. Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa ilipozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, anayesoma Dar es Salaam au Dodoma ameweza kufika stesheni ya Kilosa kwa saa chache, na iliyobaki ni safari ya kutoka mjini hadi kijijini, ambayo mvua za masika zikishika huwa na utelezi na bei yake. Umbali, kwa hiyo, si kikwazo kikubwa kama zamani. Kikwazo kingine hakiandikwi katika fomu yoyote: kwa desturi, anayetoka mjini haingii nyumbani mikono mitupu, na mtoto anayesoma chuo kikuu hutazamiwa kubeba angalau mkate na sukari kwa ajili ya bibi yake, hivyo asiyekuwa na hata hiyo huona afadhali abaki bwenini kuliko kupita mbele ya majirani akiwa na begi la nguo chafu peke yake.

Anayerudi, kwa upande wake, hukuta jembe linamsubiri, kwani ni wakati wa kupanda na wa palizi, na mzazi asiye na fedha ya kibarua hana namna ila kumtegemea mwanawe. Kazi hiyo si aibu wala adhabu, na wengi huifanya kwa moyo. Lakini mapumziko yaliyopangwa ili mwanafunzi alale na kusoma tena kilichomshinda huishia shambani, na siku ya kuondoka mama huchota katika mahindi yale yale ya kuhesabu, akayasaga, akashona kiroba cha unga wa dona kwa sindano ya gunia, akaandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito jina la mtoto na namba ya simu, ili kiroba kisipotee kwenye buti la basi. Unga huo umetolewa katika mlo wa wadogo zake wanaobaki.

Bodi inaweza kujibu kwamba mkopo ni wa siku za masomo na kwamba siku za likizo ni jukumu la mzazi. Hoja hiyo ina mantiki kwa mzazi mwenye mshahara wa kila mwezi, lakini haimwangalii mzazi ambaye kipato chake hufika kwa msimu. Isitoshe, Bodi yenyewe imekwisha kukubali kanuni ya kutofautisha kaya, kwa kuwa katika kupima uhitaji huwatazama yatima, wenye ulemavu na wanaotoka katika kaya zinazohudumiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ikumbukwe pia kwamba fedha hizi ni deni, ambalo mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na mkopaji ana haki ya kujua mapema siku atakayopokea anachokopeshwa.

Kwa sababu hizo, Bodi haiombwi kuongeza hata shilingi moja. Inaombwa kupanga tarehe: fungu la kwanza la muhula wa pili lilipwe kabla likizo fupi haijaanza, angalau kwa wanafunzi ambao upimaji umewaonyesha kuwa wahitaji zaidi, na pale inaposhindikana, liwe limeingia katika akaunti siku chuo kinapofunguliwa, pasiwe na wiki za kusubiri saini na uhakiki huku mwanafunzi akila unga wa wadogo zake. Vyuo navyo vinaombwa kuwasilisha orodha na matokeo kwa wakati, kwa kuwa malipo huchelewa pia pale nyaraka za chuo zinapochelewa.

Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, ambayo nakala ya barua hii inaihusu, ingefanya jambo jema kufungua jioni, katika wiki hizo chache, chumba kimoja chenye umeme katika shule ya sekondari iliyo karibu na wanafunzi hao, wapate mahali pa kusomea baada ya shamba.

Kalenda za vyuo hujulikana kabla mwaka wa masomo haujaanza. Bodi inaombwa itangaze tarehe za malipo ya muhula wa pili wakati huo huo, ili mzazi wa Masanze azijue akiwa bado na mbaazi ya kuuza.